Nauli ya kiongozi wa kujitolea: yaliyotukuta kwenye mfuko wetu wa wanawake na wasichana, Moshi Vijijini

#1 Mama Kihamba

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo naomba na mimi nianzishe uzi.

Jumamosi iliyopita nimekabidhi daftari, mhuri na ufunguo. Miaka sita ya uweka hazina imekwisha, lakini mkono bado unapapasa shingoni kutafuta kamba ya ufunguo. Sitataja kijiji wala jina la mfuko, maana mabinti tuliowasaidia wapo na wengine wanasoma humu. Jueni tu ni Moshi Vijijini, upande wa juu kule ambako masika Noah inakushusha njiani na kilichobaki unamalizia kwa miguu.

Niweke jambo moja sawa kabla hajatokea wa kusema "hiyo si VICOBA tu". VICOBA tunazo, kila mmoja ana ya kwake. Unanunua hisa, unakopa, mwisho wa mzunguko kikundi kinavunjwa, mnagawana, huyu anaezeka, yule ananunua ndama. Sasa kila VICOBA ina ule mfuko wa jamii, hela ya msiba na ugonjwa. Vikundi vinne vya kata yetu vilikubaliana kumega kidogo kutoka humo na kuweka pamoja. Hela hii haina mgao. Ukiweka umeweka. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, kwenda kwa mwanamke au binti aliyekwama, naye harudishi.

Mavuno yetu ni Desemba. Mnawajua Wachaga wakianza kupanda kutoka Dar na kwingineko. Tarehe 27 tunafanya mkutano mkuu uwanja wa shule, supu ya mbuzi inachemka pembeni, watoto wa kijiji waliotoka wanaitwa mbele mmoja mmoja. Mmoja anatoa laki na kukaa. Mwingine anatoa elfu tano na hotuba ya nusu saa. Wote tunawaandika.

Wanaoomba wanaomba nini? Ada ya sekondari iliondolewa 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Tunashukuru. Ila ada haikuwa godoro, haikuwa ndoo wala viatu. Kuna binti alirudishwa nyumbani siku ya kuripoti kwa sababu ya godoro. Alikuja kikaoni ameshika fomu ya kujiunga, imekunjwa mara nne mpaka maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Mwenyekiti akamwambia atusomee kilichopungua. Akasimama wima akasoma kama anasoma somo kanisani: shuka mbili, sweta, sabuni. Alipofika kwenye taulo za kike akanyamaza, akageuza karatasi upande wetu akaonyesha kwa kidole. (Taulo hizo zilisamehewa VAT 2018, mwaka uliofuata kodi ikarudi. Sisi tulinunua kitambaa, fundi cherehani wa hapa akashona za kufua.)

Mwingine alijifungua akiwa kidato cha pili. Waraka wa elimu wa 2021 ulimruhusu kurudi darasani, na mwalimu mkuu hakumsumbua hata kidogo. Lakini waraka haukusema mtoto atabaki na nani. Tulikaa saa mbili nzima kujadili maziwa ya mtoto mmoja, na ninyi mlioko mjini msicheke.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Kamati ilikuwa ya watu tisa, mmoja kila kitongoji, wanawake tu. Katiba yetu ni kurasa nne za mkono, na kifungu kimoja kilisema viongozi watajitolea bila malipo ya aina yoyote. Siku ya kukipitisha tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu, pensheni inaingia, nyumba iko barabarani. Ningeonaje shida?

Wa kwanza kupotea alikuwa mama wa kitongoji cha juu kabisa. Mjane, analima mboga na kuzishusha soko la Mbuyuni. Huyo ndiye aliyejua nyumba kwa nyumba, nani amelala njaa, binti wa nani ameanza kutolewa macho na nani. Akakosa kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kamati ikaanza: ana dharau, tumtoe. Nikasema ngoja nipande kwake kwanza.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Mama wa Kichaga hakuanzii na habari ya hela. Nikakaribishwa mtori, nikaulizwa wajukuu, tukazunguka weee mpaka jua likaanza kushuka. Ndipo akasema, bila kuniangalia: "Mwalimu, vikao mmeviweka Alhamisi. Nikija natoa elfu nne za bodaboda kwenda na kurudi, na siku hiyo mboga hazijaenda sokoni. Mara mbili kwa mwezi. Mimi ningetakiwa niwe kwenye foleni ya kuomba."

Nilishuka ule mlima nikihesabu. Kati ya tisa, tuliokuwa tunahudhuria ni watano. Mimi, mke wa mchungaji, nesi, mke wa mwenye duka la pembejeo, na mama ambaye mwanae yuko Kanada. Wote watano tunakaa barabarani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala na mtoto aliyerudishwa shule kwa ajili ya godoro. Nikafungua daftari la maombi na kuangalia tuliopitisha mwaka ule: karibu wote mabinti wa huku chini, ambao mama zao tunakutana nao jumuiya. Vitongoji vya juu maombi yalikuwa yamekatika kabisa. Na kwenye taarifa ya Desemba mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu huu, niliandika kwamba uhitaji wa juu umepungua. Aisee.

Nikapeleka hoja ya nauli mkutano mkuu. Vita! "Mmeshaanza kula hela za yatima." Mtu mmoja aliondoka na sahani yake ya supu. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyenyanyuka na fimbo yake akauliza mfongo (mfereji wa maji) unaonywesha vihamba vya hapa, haya mashamba yetu ya migomba, ulichimbwa na nani. Tukamjibu, wazee, kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Walilipwa? Hapana, mzee. Basi jioni walikunywa nini? Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana hakuna asiyejua kwamba siku ya msaragambo mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa inasubiri. Hoja ikapita kwa tofauti ya kura nne.

Tulichofanya: nauli halisi ya kila kitongoji imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni. Anayekaa barabarani hapati hata mia. Hela hiyo inatoka kwenye kapu lake lenyewe, la viingilio na faini za kuchelewa, haigusi shilingi ya mchangiaji. Mjane wetu alirudi, na kabla ya mwaka kuisha maombi ya juu yalizidi ya chini. Leo ndiye mwenyekiti.

Nauliza wenzangu mlio kwenye mifuko kama hii, kwenu kiongozi wa kujitolea anafikaje kikaoni?

#2 Kisusio cha Moto

Shikamoo mama. Nimekusoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Ile ya elfu tano na hotuba ya nusu saa umenipiga mimi kabisa, nakiri mbele ya hadhira.

#3 Mhasibu wa Zamani

Dada, uzi mzuri, ila niruhusu nipingane kidogo. Nimekagua vitabu vya vikundi vingi kabla sijastaafu. Siku zote huanza nauli. Kisha chai. Kisha vocha ya kupigiana simu. Kisha "semina ya kujengeana uwezo" mjini, na hapo mwaka wa tatu ukija, mfuko unahudumia kamati. Bodaboda haitoi risiti. Unanithibitishiaje mimi mkaguzi kwamba ni elfu nne na siyo mbili? Na mmesajiliwa wapi, maana mfuko usio na usajili hela yake iko kwenye simu ya mtu.

#4 Mama Kihamba

Marahaba Kisusio, Desemba tutakuwekea dakika tatu tu.

Mhasibu, hofu yako ndiyo iliyokuwa hofu ya mkutano, siipuuzi. Kuhusu ukomo: kapu likiisha, limeisha. Limewahi kutuishia Oktoba, tukatembea mpaka Desemba, na mimi wa barabarani nilipewa zamu ya kuwafuata wenzangu huko juu badala ya wao kushuka. Nilielewa mengi kwenye magoti yangu. Chai hatuna. Anayetaka chai anakuja na chupa yake, na mke wa mchungaji huwa anakuja na ndizi za kuchemsha kwa hiari yake.

Kuhusu risiti, ndiyo maana karatasi iko mlangoni na siyo ndani ya faili. Kila anayekuja kuomba anaipitia. Kuna bibi aliisoma akatuambia wazi, "Hapo kwetu bodaboda ni elfu moja na mia tano, hii elfu mbili ya nani?" Tukarekebisha siku ileile, na aliyekuwa anachukua elfu mbili akarudisha tofauti ya miezi mitatu.

Usajili ulitutembeza. VICOBA zetu zimesajiliwa halmashauri kwa ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, daraja la nne. Lakini mfuko wetu haukopeshi, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii akatuambia pale hatuenei. Kulikuwa na njia ya sheria ya NGO ya 2002, na njia ya kusajili wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa Sura ya 318, sheria ya wadhamini. Tulichagua wadhamini. Sababu ni ya kijijini tu: tulitaka akaunti, na siku moja kiwanja, viwe kwa jina la mfuko, ili siku mama fulani akifariki tusiende kugombana na wakwe zake msibani.

#5 Chalii wa Ngarenaro

Mama mi nauliza kiroho safi. Kwa nini mchangishane Desemba wakati halmashauri ina ile asilimia kumi ya mapato yake kwa ajili ya vikundi? Wanawake wana nne yao pale.

#6 Mbuyuni Sokoni

Chalii, ile ni mkopo. Hauna riba, sawa, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurudi 2024. Lakini unarejesha, na mnatakiwa muwe kikundi chenye mradi, kufuga kuku, kushona, kusindika. Binti wa kidato cha kwanza atarejesha nini, godoro?

Halafu Mama Kihamba, na mimi nina la kwangu. Wanawake, wasichana, wanawake, wasichana. Huku kwetu vijana wa kiume wanaishia kwenye vilabu vya gongo, hakuna mfuko unaowaona. Au wao hawazaliwi?

#7 Mama Kihamba

Mbuyuni Sokoni, wanazaliwa, na mimi ninao wawili. Ila niambie ukweli wako, kihamba cha baba yako kilienda kwa nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, na bado kwetu binti anaondoka na masanduku, kaka anabaki na migomba. Huyo wa gongo ana pa kulala. Mkianzisha wa vijana wa kiume nipo tayari kuja kuwafundisha kuandika stakabadhi. Bila nauli.

#8 Yeyo wa Longido

Nimefika hapa kwa kutumiwa kiungo na mdogo wangu. Mimi ni Mmaasai, naishi Longido, na sisi tuna kamfuko kadogo zaidi ya kenu. Nimeshangaa tunavyofanana na tusivyofanana.

Kwetu shida ya kiongozi siyo nauli, kwa sababu gari lenyewe halipo. Shida ni ruhusa. Mwanamke kijana akisema anaenda kikaoni, anaulizwa ng'ombe anamwachia nani. Kwa hiyo tulipachagua mahali ambapo mwanamke haulizwi anaenda kufanya nini: kisimani. Tunakaa chini ya mti, punda wanasubiri na madumu, kikao kinaisha maji yakijaa. Viongozi wetu ni bibi tu, koko zetu, kwa sababu bibi akisimama mbele ya wazee anasikilizwa. Mimi ninayejua kusoma ndiye mdogo kuliko wote, kazi yangu ni kuandika tu.

Nyie Desemba mnavuna. Sisi Desemba tunalala macho. Shule zimefungwa, mabinti wamerudi bomani, na ndiyo miezi ya kisu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka kumi na nane, wazee wanaijua, kwa hiyo siku hizi hufanywa kimya, bila ngoma. Ndoa vilevile: Mahakama Kuu ilisema 2016 vile vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa na miaka kumi na nne au kumi na tano ni batili, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Bomani hukumu hiyo haijafika kwa miguu yake. Inafika kwa bibi.

Kwa hiyo hela yetu kubwa ni nauli, lakini nauli ya binti kuondoka. Anaenda kwa shangazi, kwa mwalimu wake, popote hadi Januari shule zikifunguliwa. Mwaka jana tulibaki na hela ya binti mmoja na walikuwepo wawili. Koko mmoja aliuza shanga zake, ile ya shingoni aliyoolewa nayo. Sikuandika kwenye daftari kwa sababu alikataa.

#9 Ndizi Mshare

Yeyo, nimekaa kimya dakika tano baada ya kusoma.

Niko nje ya nchi, nachangia mfuko kama huo nyumbani, upande wa Rombo. Ushauri wangu ni kuwa na mtaji usioguswa. Huku Ulaya kuna Mama Cash wa Amsterdam, walianza 1983, wanawake watano na urithi wa mmoja wao, leo wanasaidia makundi ya wanawake dunia nzima. Na kwetu upo Mfuko wa Wanawake Tanzania tangu 2008, unatoa ruzuku kwa vikundi. Ninyi chukueni nusu ya mavuno ya Desemba mwekeze kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT au hatifungani za serikali (mnaikopesha serikali kwa riba), mle faida tu. Mtaacha kutegemea sisi tukumbuke.

#10 Mama Kihamba

Yeyo, nimekutumia ujumbe binafsi. Ujibu tafadhali kabla shule hazijafungwa.

Ndizi Mshare, hilo tulilijaribu. Hatifungani inaanzia milioni moja, faida inaingia kila miezi sita, hesabu yake nzuri. Nikaieleza mkutanoni kwa ubao na chaki. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hiyo hela italala Dar miaka ishirini, na mtoto alale wapi?" Watu walimshangilia. Tulibishana miezi. Mwishowe tukakubaliana kwamba hela ya Desemba yote itoke mwaka unaofuata, na kinachowekwa ni kile tu mchangiaji amesema mwenyewe "hii msiiguse". Hao wako wachache, karibu wote wako nje kama wewe. Milioni ya kwanza ilichukua miaka mitatu kutimia. Faida yake ya kwanza ilinunua magodoro, na yule mama wa swali ndiye tuliyemtuma kuyanunua.

#11 Mhasibu wa Zamani

Hiyo ya karatasi mlangoni nimeipenda kuliko nilivyotaka kukubali. Swali la mwisho: huyo mjane, mboga zake za Alhamisi mlizifanyaje? Nauli mlimpa, lakini siku ya soko bado ilikuwa inapotea.

#12 Mama Kihamba

Umeuliza kitu ambacho nilipaswa kukianza nacho. Nauli ndiyo iliyopigiwa kelele, lakini kubadili siku ndiko kulikowarudisha wengi zaidi, na hakukugharimu kitu. Tuliuliza kila mmoja siku gani hapotezi hela akija. Ikatoka Jumapili. Wa KKKT, yaani Walutheri, na Wakatoliki wanatoka ibadani mapema, wa kilokole wanatoka saa nane, basi kikao kikawekwa saa tisa.

Tatizo jipya likawa giza. Kikao kikivuta mpaka saa kumi na mbili, na masika ukungu unashuka, wa juu wanarudi na tochi za simu, na bodaboda wa jioni bei yake siyo ya mchana. Kwa hiyo ile karatasi sasa ina safu mbili, mchana na jioni. Kuna aliyeomba picha yake kwa ujumbe binafsi. Ya sasa imenyeshewa, ikiandikwa upya nitaiweka. Safu ya jioni ya kitongoji cha juu inasomeka elfu mbili na mia tano, na pembeni mtu ameshaongeza kwa penseli: mvua ikinyesha, tatu.